Maji moto wa mwembe wetu

"Mwalimu, hapa sipandi. Mti huu una wenyewe."

Mkwezi alikuwa ameshavua ndara na kutia kitanzi cha kamba miguuni. Akautazama mwembe wetu, akakitoa kile kitanzi polepole, akakikunja na kukitundika begani. Nikadhani anasema habari za majini, maana hapa Tanga ukiambiwa mti una wenyewe huulizi mara mbili. Kumbe alikuwa ananionyesha kwa kidevu tawi la kwanza. Majani kama kumi yalikuwa yameshonwa pamoja mpaka yakawa na umbo la mpira wa makaratasi, na juu yake vidudu vyekundu vimesimama, vimeinua matumbo, vinatungoja.

Maji moto. Kwa msomaji wa bara asiyewajua: hawa ni chungu wa mtini, si siafu. Siafu hupita chini kwa msafara, wakafanya fujo yao usiku mmoja, wakaenda zao. Maji moto ni wenyeji. Hukaa juu mtini mwaka mzima, na jamii moja huweza kushika miti kadhaa iliyogusana matawi, yote chini ya malkia mmoja. Akikung'ata, hupinda tumbo na kukurushia asidi palepale penye jeraha. Ndiyo asili ya jina: unahisi umemwagiwa chai.

Hiyo ilikuwa Desemba 2017. Mwembe wenyewe ni dodo, marehemu baba aliupanda nyuma ya jiko, na ndio mti mkubwa kuliko yote uani kwetu. Kando yake ipo minazi miwili (zamani ilikuwa zaidi, nitafika huko), mdimu, mstafeli, na mipapai ambayo idadi yake hubadilika kila mwaka. Mkwezi akaangua nazi, akachukua chake, akaondoka. Maembe tukaangua wenyewe kwa kingoe, mengi yakapasukia chini.

Aliyetoa hukumu ni mama. Kamba yake ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa kwenye shina la mwembe upande mmoja na kwenye nguzo ya banda la kuku upande wa pili, na maji moto wakaifanya barabara yao. Siku moja akaanua kanga, akajifunga bila kuikung'uta. Sitaeleza zaidi, kwa heshima yake. Jioni ile aliniambia, "Mwanangu, ama wao ama mimi."

Nikamchagua mama. Agosti 2018 nilimlipa kijana mmoja wa mtaani, akafunga matambara kwenye ncha ya mti mrefu, akayalowesha mafuta ya taa na kuchoma viota kimoja kimoja. Vililia kama bisi. Kisha, ili nisifanye kazi nusu, nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji akanimiminia dawa kutoka dumu kubwa hadi kwenye chupa ya soda isiyo na karatasi yoyote, akaniambia kofia moja kwa lita moja ya maji, "inaua kila kitu." Hapo alisema kweli. Sikuuliza ni dawa gani. Sikuuliza nikae siku ngapi kabla ya kula matunda. Mimi, ninayefokea watoto wa kidato cha pili kwa kutosoma maswali, nilinunua sumu kwenye chupa ya Fanta na sikuuliza swali hata moja.

Na mwembe ulikuwa na maua. Pwani yetu miembe huchanua kipindi cha baridi, Julai mpaka Septemba hivi, na kazi ya kuchavusha maua yale hufanywa zaidi na inzi wa aina mbalimbali, wengine wakiwa hao hao tunaowafukuza mezani, na nyuki kidogo. Asubuhi iliyofuata chini ya mti palikuwa na zulia: maji moto, nyuki, na vijinzi vya rangi ya shaba nisivyovijua majina. Nilifagia nikajiona shujaa.

Mwaka ule mti ulishika matunda machache. Hayo machache yakanenepa vizuri, na kuanzia Januari yakaanza kudondoka kabla ya kuiva sawasawa. Dodo lilikuwa zima ukilitazama, ila mahali pamoja tu palikuwa na kitone kama kimechomwa sindano, na utomvu umetiririka kidogo ukakauka. Nikalipasua kwenye sinia. Ndani, karibu na kokwa, nyama ilikuwa imegeuka uji wa kahawia, na ndani ya uji funza weupe wembamba, pengine thelathini. Mmoja alijikunja, mkia ukakutana na kichwa, akajifyatua, akaruka nje ya sinia mpaka sakafuni. Sikujua kwamba funza huruka. Mtoto wa dada yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana juzi yake nilikula dodo gizani umeme ukiwa umekatika.

Wanaoruka hivyo ni watoto wa inzi wa matunda. Usiwachanganye na yule fukusi mweusi anayekaa ndani ya kokwa. Huyo hata humjui yupo mpaka upasue kokwa, na nyama ya embe huiacha karibu yote kwako. Inzi wa matunda anataka nyama. Jike hutoboa ganda kwa mkia wake mkali, hutia mayai chini ya ngozi, akaenda tunda jingine. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili tatu, funza hula kwa wiki moja hivi, embe linaanguka, na hapo ndipo sehemu ambayo wengi wetu hatuioni: funza hutoka ndani ya tunda, huzama kwenye udongo sentimita chache tu, na kugeuka pupa, kitu kama punje ya mchele wa kahawia. Siku kumi hivi baadaye anatoka inzi. Kwa hiyo embe bovu unaloliacha chini leo ndilo linalotoboa embe zuri la mwezi ujao. Uani kwangu nilikuwa nimeacha maembe chini wiki tatu mfululizo, nikisema kuku watakula.

Wazee hapa husema maembe ya zamani hayakuwa na funza. Si kweli kabisa, inzi wa matunda wa Kiafrika walikuwepo siku zote, lakini wana hoja. Mwaka 2003 watafiti walikuta pwani ya Kenya inzi mgeni ambaye hawakuwa wamemwona barani, na muda si mrefu ikajulikana kuwa yuko Tanzania pia. Mwaka 2005 wakampa jina la kisayansi Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Akasambaa Afrika nzima ya kitropiki kwa kasi ya kutisha. Kisha mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kwamba si spishi mpya hata kidogo: ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia, anayejulikana miaka mingi. Alikuja huku na matunda, kama wageni wengine wengi wanavyokuja na mizigo. Anapenda embe, lakini akikosa embe hula pera, papai, stafeli, hata kungu. Kwa hiyo ukiwa na ua wenye miti mchanganyiko kama wangu, umemwandalia chakula cha miezi kumi na miwili.

Kilichonifungua macho ni jirani. Ua wake na wetu unatenganishwa na ukuta mfupi, na upande wake kuna mwembe dodo pia, pengine wa umri mmoja na wetu. Bwana huyu, Mungu ampe afya njema, hajawahi kushughulikia mti maishani mwake. Hafagii chini yake, hapogoi, hapulizi. Kila nilipomshauri alinijibu, "Mwalimu, mti umeota wenyewe, utajitunza wenyewe." Nilimwomba maembe ishirini yaliyoanguka upande wake, na ishirini yaliyoanguka kwetu, nikayapasua yote barazani. Ya kwetu, kumi na saba yalikuwa na funza. Ya kwake, manne. Si utafiti huo, najua, ni maembe arobaini tu na kisu cha jikoni. Lakini niliinua macho nikatazama juu ya ukuta, na kwenye mti wa mvivu yule viota vya maji moto vilikuwa vinaning'inia kama taa za harusi.

Ndipo nikaanza kusoma, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kununua chupa ya Fanta. Kumbe hili si jipya kabisa, na sehemu yake moja ilianzia hapa hapa kwetu. Miaka ya 1950 Zanzibar, mtaalamu wa wadudu Mwingereza, M. J. Way, alikuwa anachunguza kwa nini nazi changa zinapukutika. Mhalifu alikuwa kunguni wa mimea anayefyonza vidaka, ambaye leo anaitwa Pseudotheraptus wayi kwa jina la mtafiti huyo. Na ilionekana kwamba mnazi wenye maji moto wengi haupukutishi nazi kama mnazi usio nao. Huku bara Tanzania watafiti wamewafanyia kazi maji moto kwenye mikorosho na miembe. Benin, mwaka 2007, ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba miembe yenye maji moto wengi ilipata madhara kidogo sana ya inzi wa matunda. Si kwamba wanamkamata inzi mwenyewe kila mara, inzi ni mwepesi. Wanamsumbua. Jike anahitaji kutulia ili atoboe na kutaga, na hapati utulivu. Tena harufu wanayoiacha juu ya ganda humfanya inzi asite kutua hata wakati wao hawapo. Wachina walikuwa wakiweka viota vya jamaa zao kwenye michungwa karne nyingi kabla yetu.

Kwa hiyo ilinipasa kuwarudisha niliowachoma.

Nilikosea mara mbili. Mara ya kwanza nilikata viota vitatu kutoka kwenye mti wa msikitini (kwa ruhusa) na viwili kutoka shuleni, nikavifunga kwenye mwembe wetu jioni. Asubuhi nilikuta vita. Zilikuwa jamii mbili tofauti, na maji moto wa jamii tofauti hawajuani. Walikuwa wameshikana wawili wawili, mmoja anavutwa miguu na wanne, kama watu wanaotandika shuka. Kufikia jioni walionusurika walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika. Mara ya pili nilichukua kutoka mti mmoja tu. Hao waliishi kama miezi miwili, wakapungua, wakaisha, kwa sababu katika viota vyote vile sikuwa nimembeba malkia. Malkia hukaa kiota kimoja tu, mara nyingi juu kabisa, na si kazi ya mtu mwenye ngazi ya futi sita kumfikia. Na hata walipokuwa hai walikuwa na adui chini: wale chungu wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wanaoishi kwenye udongo penye shina. Hao wakiwa wengi, maji moto hawashuki na hawastawi.

Jibu lilikuwa ukutani. Mei 2019 nilimwomba jirani ruhusa, nikafunga kamba ya katani kutoka tawi la mwembe wake hadi tawi la mwembe wetu. "Chukua," alisema, "hata wote." Upande wetu nikaweka kifuniko cha chupa chenye maji ya sukari na dagaa wawili waliopondwa. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili mmoja alifika katikati ya kamba akasimama, akapapasa hewani kwa vipembe vyake, akarudi. Siku ya nne niliporudi kazini saa tisa kamba ilikuwa nyekundu, wanakwenda na kurudi, na wengine wamebeba dagaa wangu kama jeneza.

Baada ya wiki tatu walianza kushona. Nilivuta kiti nikakaa chini ya tawi la chini kabisa nikatazama. Wafanyakazi hujipanga ukingoni mwa jani moja, wanauma ukingo wa jani la pili na kulivuta. Pengo likiwa kubwa, mmoja humshika mwenzake kiuno, naye humshika wa tatu, mpaka mnyororo unafika ng'ambo, kisha wote wanavuta kwa pamoja. Majani yakikutana hutokea wengine wamebeba buu kinywani, mtoto wao mweupe asiye na miguu. Humgusisha buu jani hili, jani lile, hili, lile, na kila akigusa buu hutoa uzi wa hariri. Mtoto ndiye sindano, mtoto ndiye uzi. Nikamwita mama. Alikuwa fundi cherehani miaka zaidi ya thelathini, mpaka macho yalipomchosha. Alisogeza miwani, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Mshono si mbaya," akasema. Kisha akauliza kamba yake ya nguo inahamia wapi.

Kamba ilihamia kwenye nguzo mbili za chuma mbele ya nyumba, kila nguzo imepakwa grisi kiganja kimoja kwa upana. Maji moto hawavuki grisi ikiwa mbichi. Inapaswa kupakwa tena kila inaposhika vumbi, na mimi husahau, na mama hanisahaulishi.

Nisiwadanganye kwamba maji moto ndio waliomaliza kazi yote. Walichofanya wao ni nusu. Nusu nyingine ni kuinama. Kila siku mbili wakati wa msimu naokota kila embe lililoanguka, zuri na bovu. Vijarida vya wakulima hushauri uyatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uufunge, uuache juani mpaka funza wafe kwa joto. Ushauri mzuri, ila Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania, na sikutaka kueleza habari za funza kwa askari mgambo. Natumia pipa la zamani lenye mfuniko: natia maembe, najaza maji mpaka yazame, nafunika siku kadhaa, kisha namwaga kwenye shimo. Asiye na pipa achimbe shimo linalomfika gotini au zaidi na kufukia vizuri, maana ukifukia juujuu umewapunguzia tu safari. Na kuku wanasaidia kweli, lakini si kwa namna niliyodhani. Embe zima hawana habari nalo. Kazi yao ni kuchakura udongo chini ya mti na kula zile punje za pupa.

Matawi ya chini ninayoyafikia, navisha maembe mifuko ya gazeti yanapofikia ukubwa wa yai la bata. Kazi ya kuchosha, na mti ukionekana kwa mbali utadhani umetundikwa barua. Lakini hayo ndiyo ninayompelekea shangazi Muheza, ambaye kwao ni machungwa tu na embe la dodo safi kwake ni zawadi.

Maji moto wana dhambi zao, na hili watu wanaowasifu hawalisemi. Wanafuga. Kwenye mstafeli wetu walikuta vidung'ata, vile vidudu laini vyenye unga mweupe kama pamba vinavyofyonza utomvu na kutoa majimaji matamu. Maji moto wanayanywa hayo majimaji, na kwa malipo huwafukuza wadudu wengine wanaokula vidung'ata. Sukari inayozidi hudondokea majani, ukungu mweusi huota juu yake, na mti unaonekana kama umepitiwa na moshi wa daladala. Kwenye mwembe mkubwa nalivumilia hilo. Kwenye mstafeli mdogo sikulivumilia: nilipogoa matawi yanayogusa mwembe na ukuta, nikapaka mkanda wa grisi juu ya kitambaa kilichofungwa shinani (usipake grisi moja kwa moja kwenye gome), kisha nikapuliza maji ya sabuni kwa wiki mbili. Walinzi walipoondoka, kobe-wadudu wale wadogo wekundu wenye madoa wakaja wenyewe kula.

Kwenye papai vidung'ata ni balaa kubwa zaidi. Wapo wa papai hasa, waliotoka Mexico na Amerika ya Kati na kufika pwani yetu miaka ya karibuni tu, na mpapai ukiwaachia unanyong'onyea kuanzia kilele mpaka matunda. Nchi nyingine zimewadhibiti kwa kuachia kijinyigu kidogo sana kinachotaga ndani yao. Mimi sina kijinyigu. Nina mpira wa maji wenye kasi, sabuni ya mche, na uamuzi wa kung'oa mapema. Mpapai uliokwisha kufunikwa weupe naukata siku hiyohiyo na kuufukia. Mpapai huzaa ndani ya mwaka, sioni sababu ya kuugua nao.

Mwarobaini nautumia, lakini kwa mbegu. Watu huchemsha majani kisha wanashangaa. Ninakausha mbegu kivulini, natoa maganda, natwanga nusu kilo, naloweka kwenye lita kumi za maji usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, natia sabuni kidogo ili ishike kwenye majani, na napuliza jioni kwa sababu jua huiua nguvu yake. Haiui papo hapo. Inamfanya mdudu asitake kula na asikue. Anayetaka kuona maiti asubuhi itamkatisha tamaa.

Mdimu hauna makuu. Kila mvua zikianza, majani machanga hutokewa na vitu vinavyofanana na mavi ya ndege. Ukikigusa kimoja, kinatoa pembe mbili nyekundu na harufu kama ya dimu lililooza. Ni viwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Mdimu mkubwa hauwahisi. Mche mdogo huweza kubaki vijiti, huo nauokotea kwa mkono. Mwaka jana nilimwacha mmoja kwenye glasi darasani mpaka akatoka kipepeo, na kipindi kizima cha hesabu kikaharibika.

Minazi ndiyo inayoniuma. Baba alipofariki, mnazi mmoja mzee uliangushwa na upepo, tukauacha ulale kwenye kona kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuushughulikia. Gogo likaoza, na ndani ya gogo linalooza ndimo chonga hulelea watoto wake. Chonga ni yule mbawakawa mweusi mwenye pembe puani. Huingia kwenye kilele cha mnazi akitafuna jani kabla halijafunguka, kwa hiyo likifunguka linakuwa limekatwa pembe pembe kama limepitiwa na mkasi. Ukiona makuti ya umbo hilo usitazame juu tu, tafuta gogo, tafuta lundo la samadi. Tulipasua lile gogo, tukachoma vipande mbali na miti, na tukawatoa chonga wawili kwenye mnazi kwa waya wenye ndoano. Mnazi ule upo mpaka leo.

Mwenzake haupo. Ule ulianza kupukutisha nazi za kila umri kwa pamoja, karara likatoka jeusi, makuti yakageuka manjano kuanzia chini, na baada ya miezi michache kilele kikaanguka, ikabaki nguzo ya simu. Huo ni ugonjwa wa kunyong'onyea. Unasababishwa na kimelea kidogo kuliko bakteria wa kawaida kinachokaa kwenye njia za chakula za mnazi, na hauna dawa. Pwani ya Tanzania imepoteza minazi mingi sana kwa ugonjwa huu, na kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, kimeutafiti kwa miongo kadhaa. Tuliukata ule mnazi. Hakuna la kuongeza hapo.

Lakini nikihesabu miti niliyoiona ikifa mtaani kwetu, wadudu si wa kwanza. Wa kwanza ni sisi. Kuna mwembe uliokufa upande mmoja kwa sababu kwa miaka takataka za nyumba zima zilichomwa chini yake. Gome likiungua limekwisha, hata kama halijaanguka. Kuna mwingine ulipigiliwa misumari ili "uzae", nao ukaanza kutoa maji meusi kwenye matundu. Kuna uliozungushiwa zege mpaka shingoni ili ua upendeze. Na kuna tawi letu wenyewe, ambalo kaka alilikata kwa panga kutoka juu, likavunjika kabla ya kukatika na kuchana gome la shina mpaka chini. Tawi zito linakatwa kwa msumeno mara tatu: kwanza unakata kidogo kutoka chini, hatua moja mbali na shina, kisha kutoka juu, mbele kidogo ya pale, tawi lianguke lisichane kitu, mwisho unaondoa kisiki kilichobaki, karibu na lile fundo la gome lililovimba panapoungana tawi na shina, bila kulikata fundo lenyewe. Fundo ndilo linalofunga kidonda. Ukilifyeka ili paonekane laini, umelinyima shina kovu lake. Na kirukia, ule mmea unaoletwa na ndege na kuota juu ya tawi na majani tofauti na ya mwembe, kata tawi lote chini yake. Ukiunyofoa tu kwa mkono unarudi.

Swali la kwanza ninaloulizwa kila mtu akiona maembe yetu siku hizi ni "Mwalimu, unapuliza dawa gani?" Nikijibu kwamba naokota yanayoanguka, naona uso unavyobadilika.

Desemba iliyopita mkwezi alirudi. Amezeeka, amekuja na mwanawe. Alisimama palepale, akatazama juu, akahesabu viota kwa kidole na midomo inatembea. Nikajua atakunja kamba. Badala yake aliomba majivu. Mama akamtolea ungo mzima kutoka jikoni, na yule mzee akajipaka mikono, miguu, shingo, mpaka nyuma ya masikio, akawa mweupe kama mtu wa ngoma. Maji moto hawapendi kukanyaga majivu, miguu yao haishiki.

"Bi Mkubwa," akamwambia mama akiwa ameshashika tawi la kwanza, "maembe ni mazuri sana mwaka huu. Lakini bei ya mti wenye wenyewe ni mara mbili."

Mama alibishana naye robo saa nzima, yeye akiwa mtini. Wakakubaliana bei moja na nusu, na maembe kumi juu yake.